Mtoto Anavyopata Sarufi ya Lugha Yake: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wazazi wa Unguja na Pemba

Mengi ya maswali haya huulizwa mlangoni mwa darasa la maandalizi hapa Wete, wakati wa kuleta na kuchukua watoto. Mengine hutoka kwa mabibi, ambao mara nyingi ndio wanaoshinda na watoto na ndio wanaosikia mengi kuliko sisi walimu. Sarufi ninayoizungumzia hapa si lile somo la nomino na vitenzi. Ni ule utaratibu unaomfanya mtoto wa miaka mitatu aseme "viatu vyangu" na asiseme "viatu zangu", wala hajapata kusikia neno ngeli.

Mtoto huanza lini kujifunza sarufi? Akishaanza kusema?

Kabla ya hapo, tena kwa muda mrefu. Mtoto husikia sauti ya mama yake akiwa bado tumboni, na akizaliwa mahadhi ya lugha ya nyumbani si mageni kwake. Jacques Mehler na wenzake walionyesha mwaka 1988 kwamba vichanga vya siku 4, waliozaliwa katika nyumba za Kifaransa, waliweza kutofautisha Kifaransa na Kirusi. Maneno hawayajui, lakini mwendo wa lugha wanautambua.

Kisha sikio linaanza kuchagua. Janet Werker na Richard Tees mwaka 1984 walieleza kuwa watoto wa miezi 6 hadi 8 waliolelewa kwa Kiingereza waliweza kusikia tofauti za sauti za Kihindi ambazo wazazi wao hawazisikii kabisa. Walipokaribia mwaka mmoja uwezo huo ulikuwa umepungua sana. Mtoto anakuwa ameshaamua kuwa kazi yake ni lugha ya hapa.

Kazi nyingine ni kukata maneno. Sisi tukizungumza hatupumziki baina ya neno na neno. "Mpemwanaomaziwaanywe" ndivyo inavyofika masikioni mwake. Jenny Saffran, Richard Aslin na Elissa Newport waliwasikilizisha watoto wa miezi 8 mfululizo wa silabi zisizo na maana kwa dakika 2 tu, bila ya pumziko lolote. Watoto wale wakaweza kutambua silabi zipi huandamana na zipi zimekutana kwa bahati. Hiyo ilikuwa mwaka 1996, na watu wengi walishangaa, kwa sababu hakuna aliyewaambia watoto wasikilize kitu chochote.

Kwa hiyo mtoto anapotamka neno la kwanza, kwa wengi karibu na mwaka mmoja, ana miezi mingi ya kazi nyuma yake. Kuunganisha maneno mawili, "baba kenda", "maji basi", huja kati ya mwaka na nusu na miaka miwili.

Kwani si sisi tunaomfundisha?

Tunampa lugha. Sarufi anaitoa mwenyewe ndani ya lugha hiyo.

Angalieni wanavyojifunza watoto wetu chuoni. Mtoto wa miaka sita anaweza kuhifadhi sura nyingi za juzuu ya Amma, akazisoma kwa matamshi yanayomridhisha maalimu, na hii ni kazi kubwa ya kumpongeza. Anaifanya kwa kusomeshwa, kukariri, kusahihishwa na kurudia. Lakini ukimwambia akuombe maji kwa Kiarabu, hawezi, kwa sababu Kiarabu hakukutana nacho kama maneno ya watu wanaotaka kitu, wanaokataa kitu, wanaoulizana. Kiswahili hakuna aliyemkalisha akamkaririsha "mimi nimekula, wewe umekula, yeye kala". Na hata hivyo kwa Kiswahili anatunga sentensi ambayo hakuna mtu aliyewahi kumwambia. Hizi ni njia mbili tofauti za kujifunza, na kila moja ina pahala pake. Tatizo linakuja pale tunapodhani kuwa lugha ya mama nayo hupatikana kwa kukaririshwa.

Kuna na ushahidi mwingine. Roger Brown na Camille Hanlon, mwaka 1970, walichunguza mazungumzo ya wazazi wa Kimarekani na watoto wao, wakaona kuwa mzazi hamkubalii au hamkatalii mtoto kwa sarufi yake. Anamsahihisha kwa ukweli. Nasi ni hivyo hivyo. Mtoto akisema "kuku kile kimekula mchele" na kweli kuku kala mchele, mama anapiga kelele kumfukuza kuku. Ngeli haimshughulishi mtu wakati mchele unaliwa.

Mjukuu wangu anasema "taka maji", "taki wali". Mbona anakula maneno?

Bibi, sikiliza anachobakisha. Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo silabi mbili za mwisho ndizo zinazosikika zaidi. Katika "nataka" anabaki na "taka". Katika "kalamu" anabaki na "lamu". Kinachoanguka ni kile kinachotamkwa upesi mwanzoni, na katika kitenzi cha Kiswahili huko mwanzoni ndiko kulikojaa viambishi: nani anatenda, wakati gani, nani anatendewa.

Sasa tazama hilo "taki". Mtoto kaiacha "si" yote, lakini irabu ya mwisho kaigeuza kutoka "a" kuwa "i", maana anajua kuwa anakataa. "Taka" anataka, "taki" hataki. Ana silabi mbili tu mdomoni na tayari ndani yake mna kukubali na kukanusha. Mie kila nikilisikia neno hilo kwa mtoto wa mwaka na miezi kadhaa husimama nikasikiliza, kwa sababu ni sarufi ya kweli katika neno dogo kabisa.

Kamil Ud Deen alikusanya mazungumzo ya watoto wa Nairobi wanaojifunza Kiswahili, na kazi yake ikatoka kitabu mwaka 2005. Aliona jambo kama hilo: watoto huacha kiambishi cha nafsi, pengine na cha wakati, lakini mwisho wa kitenzi huuhifadhi. Alieleza pia kuwa hata watu wazima wa huko huacha kiambishi cha nafsi katika mazungumzo ya kawaida, kwa hiyo si kila kinachoachwa na mtoto ni upungufu wa mtoto. Sisi wenyewe hapa husema "s'taki" na "n'takuja". Mtoto anasikia hivyo, na anasema anavyosikia.

Ngeli ni ngumu hata kwa wageni wenye digrii. Mtoto anaziwezaje?

Hapa ndipo ninapopenda kukaa, na nitakaa.

Mgeni anajifunza ngeli kama orodha: hii ni ya KI-VI, hii ni ya U-I. Mtoto hana orodha. Yeye anasikia kuwa maneno katika sentensi yanafuatana: kikija "ki" mwanzo, "ki" itarudi mbele, "kikombe changu kimevunjika". Katherine Demuth amechunguza kwa miaka mingi watoto wa Lesotho wanaojifunza Kisotho, ambacho nacho ni lugha ya Kibantu yenye ngeli kama zetu. Alieleza kuwa watoto huanza na nomino isiyo na kiambishi, halafu hutia kivuli cha irabu pahala pa kiambishi, halafu kiambishi kamili. Lakini upatanisho, yaani huko kufuatana kwa maneno, kwenye vimilikishi (kama "changu") na vionyeshi (kama "hiki") mara nyingi huwa sawa hata kabla kiambishi cha nomino hakijakamilika. Mtoto anaweza kuukosa mwanzo wa neno "kiti" na akapatia "changu". Maana yake anajua neno hilo ni la ngeli gani, ila mdomo haujafika.

Na Kiswahili kina mtego ambao watoto wetu wanauvuka mapema. Nitatoa mfano wa uwani. Kuna mbuzi anayefungwa chini ya mfenesi, na kuna mbuzi ya kukunia nazi. Neno ni moja, matamshi ni mamoja. Mtoto mmoja wa jirani, hajatimiza miaka minne, alikuwa amekaa na mama yake anayekuna nazi kwa ajili ya mchuzi. Mnyama akakatika kamba. Mtoto akapiga ukelele, "Mama, mbuzi kakimbia!" Mama akainuka kwa haraka, akaipiga teke ile ya kukunia, nazi ikamwagika. Mtoto yule yule, kwa pumzi ile ile: "Na mbuzi imeanguka." Hakufikiri, wala hakusita. Chenye uhai kilipewa "ka", kifaa kikapewa "i". Hivyo hivyo kwa ndege aliye juu ya mti na ndege inayotua uwanjani. Uhai unaishinda sura ya neno, na kanuni hii mtoto kaipata bila ya kufunuliwa ukurasa hata mmoja.

Makosa yapo, na yana mpango. Utasikia "mama wangu", kwa sababu mtoto ameona kuwa mtu huchukua "w": mtoto wangu, mwalimu wangu, mgeni wangu. Hajajua bado kwamba majina ya jamaa yana njia yao, mama yangu, dada yangu, ndugu yangu. Utasikia "kipofu kimeanguka", akifuata "ki" iliyo mbele ya macho yake. Atayaacha yote mawili bila ya kulazimishwa.

Nitajuaje kuwa ameelewa kanuni na hakuhifadhi tu maneno?

Mpe neno ambalo halipo duniani. Mwaka 1958 Jean Berko aliwachorea watoto wa Kimarekani kidude, akakipa jina alilolitunga, kisha akachora viwili na kuwataka wamalizie sentensi. Watoto wadogo waliweza kutia wingi kwenye neno ambalo hawakuwahi kulisikia. Kama walikuwa wanahifadhi tu, wangenyamaza.

Kwa Kiswahili jaribio hili ni tamu zaidi. Chora kitu cha ajabu, mwambie mtoto wa miaka minne au mitano: "Hiki ni kigafi. Sasa viko viwili. Hivi ni nini?" Atasema "vigafi". Kisha chora mnyama mwenye macho na miguu: "Huyu ni mgafi. Sasa wako wawili." Atakwambia "wagafi". Chora mti: "Huu ni mgafi. Sasa iko miwili." Atakwambia "migafi". Neno ni lile lile, wingi ni mbalimbali, na yeye hakukosea njia. Ifanyeni kama mchezo, baada ya chakula, msiufanye mtihani. Akichoka, basi.

Watu wazima nao hufanya hivyo hivyo lugha ya kigeni ikiingia. Kitabu kilitoka kwenye Kiarabu, na "ki" yake ilikuwa sehemu ya neno tu, lakini Mswahili akaisikia kama "ki" ya kiti, akafanya vitabu. Barabarani kuna kiplefti, na vikizidi ni viplefti.

Alikuwa anasema "meno" vizuri. Sasa anasema "majino". Amerudi nyuma?

Amekwenda mbele. Mwanzo "meno" alilihifadhi kama lilivyo, neno lisilo na uhusiano na "jino". Baadaye akagundua kuwa jiwe ni mawe, gari ni magari, jani ni majani, embe ni maembe, akaona kuna "ma" inayofanya wingi, na akaitia kila pahala, hata pale ambapo neno lina wingi wake wa zamani. Ndipo yakaja majino na majicho. Vitenzi vifupi navyo hupitia humo humo: "hakuli" badala ya "hali", kwa sababu amesikia "anakula". "Nipa" badala ya "nipe". "Mama, kuja!" badala ya "njoo". Hakuna mtu mzima nyumbani anayesema "nipa", kwa hiyo kuiga hakuwezi kuwa jibu. Kaiunda kwa kanuni aliyoitoa mwenyewe.

Kadiri anavyolisikia lile umbo la kweli mara nyingi, ndivyo linavyolishinda lake. Maneno yanayotumika kila siku hunyooka mwanzo, yale ya nadra huchelewa.

Basi nisimsahihishe kabisa?

Usimkatize. Akisema "majino yangu yanauma", mjibu: "Meno yako yanauma? Meno gani, ya juu au ya chini?" Umelisema neno mara mbili, amelisikia kwenye jambo linalomhusu, na mazungumzo hayakuvunjika. Kumrudisha, "sema meno, sema meno", humfanya ajue tu kuwa amekosea pahala fulani, bila ya kujua wapi. Nimeona watoto waliosahihishwa kila wakifungua mdomo. Wanapunguza kusema, na mtoto asiyesema hana pa kujaribia kanuni zake.

Kumcheka mbele ya watu ni kubaya zaidi. Ninawaomba sana wakubwa wa nyumba, na wale kaka na dada wa darasa la nne na la tano, waliache hili.

Kwani mtoto huzaliwa na sarufi, au huipata kwa watu?

Wataalamu wamebishana juu ya hili kwa zaidi ya miaka 60 na bado. Mwaka 1957 B. F. Skinner alitoa kitabu kikieleza kuwa lugha ni tabia inayojengwa kwa kutunzwa na kurudiwa. Mwaka 1959 Noam Chomsky alikihakiki kwa ukali, akisema mtoto anajua mengi kuliko anayosikia, kwa hiyo lazima awe amezaliwa na maandalizi maalumu ya lugha. Baadaye wakaja wengine, Michael Tomasello miongoni mwao, waliosema kuwa hakuna haja ya sarufi ya kuzaliwa nayo: mtoto ana uwezo wa kusoma nia ya mwenzake na wa kuona mifumo, na kutokana na matumizi anajenga sarufi kidogo kidogo, kutoka tungo maalumu hadi kanuni pana.

Mimi ninayeshinda na watoto naona kila upande umeshika kitu. Ila kwa mzazi natija ni moja: mtoto asipozungumzwa naye na watu, hakuna kitakachoota, na akizungumzwa naye, hahitaji masomo.

Sisi nyumbani tunasema Kipemba. Skuli ataonekana hajui sarufi?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, kana kwamba ni aibu, na linaniuma kila mara.

Kipemba kina sarufi. Kitumbatu kina sarufi, Kimakunduchi kina sarufi. Mtoto anayesema "baba kaja" hakusahau kusema "amekuja". Anatumia umbo lenye kanuni yake kamili: "ka" ni ya mtu mmoja anayezungumzwa, na mtoto huyo huyo hatakwambia "wao kaja". Akikosea Kipemba, bibi yake atamsikia mara moja. Kazi aliyoifanya kuipata kanuni hiyo ni ile ile aliyoifanya mtoto wa Mji Mkongwe kupata "amekuja", ingawa hata Mjini "kaja" husikika kila siku.

Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja cha Mjini, kufuatana na uamuzi wa mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928. Ulikuwa uamuzi wa kupata lugha moja ya vitabu na skuli Afrika Mashariki. Haukuwa hukumu kwamba lahaja nyingine zimepinda. Baraza la Kiswahili la Zanzibar, BAKIZA, limetoa kamusi za Kipemba, Kitumbatu na Kimakunduchi, na kamusi haitungwi kwa maneno ya ovyo.

Kiswahili cha skuli atakipata skuli, kwenye vitabu na redioni, na atakipata upesi kwa sababu msingi ni mmoja. Mwalimu anachotakiwa kusema ni "nyumbani tunasema hivi, kwenye kuandika tunasema hivi", na wala asiseme "hivyo ni vibaya". Msiache kusema Kipemba na watoto wenu kwa kuogopa skuli. Mtoto anayezungumzwa naye lugha ambayo mzazi mwenyewe haimtoki vizuri hupata lugha nyembamba.

Na nyumba yenye lugha mbili? Atachanganyikiwa?

Hapana. Watoto wengi duniani wanakua na lugha zaidi ya moja. Huenda msamiati wa kila lugha ukaonekana mdogo kwa muda, lakini ukijumlisha lugha zote mbili utaona hana upungufu. Kuchanganya nako kuna adabu yake: mtoto akisema "simu haichaji", mzizi ni wa kigeni, lakini ngeli, wakati na ukanushi ni vya Kiswahili na viko pahala pake. Cha muhimu ni kuwa kila lugha awe na watu wa kuzungumza naye kwa dhati. Kama baba ana Kiarabu chake, aseme nacho na mtoto. Kama Kiingereza cha nyumbani ni "sit down" na "come here" tu, hicho hakimpi sarufi.

Katuni za kwenye simu zinamfundisha lugha?

Kwa mtoto mdogo, kidogo mno. Patricia Kuhl na wenzake mwaka 2003 waliwachukua watoto wa Kimarekani wa miezi 9. Wengine walichezewa na kusomewa kwa Kichina na mtu aliye mbele yao, kwa vipindi 12. Wengine waliona na kusikia mambo hayo hayo kwenye skrini. Waliokaa na mtu wakaweza kutofautisha sauti za Kichina. Wa skrini hawakupata kitu, ingawa walitazama. Mtoto anatafuta mtu anayemwangalia, anayengoja jibu lake.

Wazee wanasema kichanga hakizungumzwi, atasikia tu. Wengine wanasema naye kitoto, "dede" na "tata". Nani yuko sawa?

Watoto hujifunza katika hali zote hizo. Bambi Schieffelin kwa Wakaluli wa Papua Guinea Mpya na Elinor Ochs kwa Wasamoa walikuta jamii ambazo watu wazima hawawasemeshi vichanga kama wanavyofanya wazazi wa mijini, na watoto wao wanasema vizuri kama wengine. Wanakua katikati ya mazungumzo. Barazani kwetu ni vivyo hivyo: mtoto yuko mapajani, watu wanne wanazungumza, naye anasikiliza.

Kusema kitoto hakudhuru. Sauti ya juu, maneno mafupi, "haya, simama dede, dede!", humvuta mtoto asikilize. Akikua mtaiacha wenyewe.

Wavulana huchelewa?

Kwa wastani wasichana hutangulia kidogo, lakini tofauti baina ya mtoto na mtoto ni kubwa kuliko hiyo. Usiuchukulie uvulana kuwa sababu ya kutompeleka mtoto kuangaliwa.

Ana kithembe, tena "r" anaitamka "l". Tumkate utando wa chini ya ulimi?

Hayo ni matamshi, na matamshi si sarufi. Mtoto anayesema "lafiki yangu" kapatia upatanisho vizuri kabisa. "R", "th", "dh" na "gh" huchelewa kwa wengi. Utando ukiwa mfupi kupita kiasi, daktari ndiye wa kuamua. Kuukata hakumfanyi asiyesema akaanza kusema. Na kurudiarudia silabi kati ya miaka miwili na mitano, "mi-mi-mimi", mara nyingi hupita. Mngojeni amalize.

Niwe na wasiwasi lini?

Kama ana mwaka mmoja na habwabwaji wala haonyeshi kwa kidole. Kama ana miezi 16 na hana hata neno moja. Kama ana miaka miwili na haunganishi maneno mawili ya kwake mwenyewe, mbali ya yale anayoyarudia. Na kwa umri wowote, kama alikuwa akisema na sasa ameacha. Katika hali hizi nendeni hospitali, na la kwanza la kuomba ni kupimwa masikio. Mtoto anayetokwa na usaha masikioni mara kwa mara anaweza kuwa anasikia nusu nusu, na viambishi vyetu ni silabi nyepesi, ndizo za mwanzo kupotea. Msiseme "hata baba yake alichelewa" mkangoja mwaka mwingine.

Na mtoto kiziwi?

Ana uwezo ule ule wa kujenga sarufi, ila anahitaji lugha inayofika kwake, nayo ni lugha ya alama. Lugha za alama zina sarufi kamili, zenye vitenzi vinavyoonyesha nani kamtenda nani. Elissa Newport alilinganisha watu wazima wa Marekani waliokuwa wakitumia lugha ya alama kwa miaka mingi sana. Waliokua nayo tangu uchangani waliimudu sarufi yake kuliko walioanza wakiwa na miaka 4 hadi 6, na hao wakawapita walioanza baada ya miaka 12. Miaka ya mwanzo haifidiki kwa urahisi.

Nchini Nikaragua, watoto viziwi walipokusanywa kwenye skuli za Managua kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, hawakuwa na lugha moja. Kila mmoja alikuja na ishara za kwao. Walipokaa pamoja wakajenga lugha, na wadogo walioingia baadaye ndio walioipa sarufi iliyo na utaratibu zaidi. Kwa hiyo mzazi wa mtoto kiziwi, mkutanishe mwanao mapema na viziwi wengine, wakubwa kwa wadogo, na wewe mwenyewe jifunze alama pamoja naye. Kumfundisha kusoma midomo peke yake kunampa maneno machache kwa taabu nyingi.

Sarufi humalizika lini?

Mtoto wa miaka minne au mitano ana sehemu kubwa. Mengine huja mapema kuliko watu wanavyodhani. Demuth aliwakuta watoto wa Kisotho wakitumia kauli ya kutendwa kabla ya kutimiza miaka mitatu, hali watoto wa Kiingereza husumbuka nayo hadi minne na mitano. Wazazi wa hapa hawatashangaa, kwa sababu "nimepigwa!" husikika uwani mapema sana. Yanayochelewa ni tungo ndefu za "-ngali-" na urejeshi, "yule niliyempa kilichobaki", na hayo hukua kwa kusikia mazungumzo marefu. Hadithi za usiku zinazoanza na "paukwa" na kujibiwa "pakawa" zimejaa tungo hizo, na vitendawili vimejaa.

Kisha watoto huanza kuichezea lugha wenyewe. Wa miaka minane au tisa husema kinyume, silabi ya mwisho inaletwa mwanzo: "kitabu" kinakuwa "bukita", "maji" yanakuwa "jima". Waambie wageuze "mtoto" watakwambia "tomto", kwa sababu wanajua kuwa ile "m" peke yake ni silabi. Wakisema hivyo mbele yenu ili msiwaelewe, waacheni waendelee.